NILIMWITA MTOTO MWONGO KWA SABABU YA GARI LA ROKETI



Ndugu zangu, dada zangu, wazee wangu mnaonifuata humu. Leo sikuja na somo. Nimekuja na kosa langu mwenyewe, na nimeliandika kwa urefu kwa sababu kosa likifupishwa sana hugeuka kisa cha kuchekesha tu. Anayetaka kusoma akae, atafute chai. Mwenye haraka apite, tutaonana Ijumaa insha Allah.

Pale madrasa yetu hapa Tanga tuna desturi ya Alhamisi. Tukishamaliza darasa baada ya Alasiri, kila mtoto anasimama na kuwaambia wenzake jambo moja alilolijua wiki ile, liwe la shule, la nyumbani au la mtaani. Desturi hii niliianzisha mwenyewe, nikitaka watoto wazoee kusema mbele za watu. Mmoja atasema paka wao amezaa. Mwingine atasema nyangumi si samaki, waanze kubishana mpaka nigonge meza.

Alhamisi moja akasimama kijana wa miaka 11. Mtoto mkimya, wa safu ya nyuma, ambaye zamu yake ikifika kwa kawaida husema sentensi moja akakaa. Siku ile alikuwa na mengi. Akasema: kuna gari huko Marekani, kubwa kuliko msikiti wetu. Linabeba roketi ikiwa imesimama wima, ndefu kuliko mnara wowote wa hapa mjini. Linakwenda taratibu kuliko bibi kizee anayetoka sokoni. Na barabara yake imemwagwa kokoto za mtoni.

Watoto wakaanza kunong'onezana. Nikamuuliza, "Umeyaona wapi haya?" Akatoa simu. Alikuwa amemwomba baba yake ile simu kwa ajili ya siku ile tu. Akaja nayo mpaka mezani kwangu, kaishika kwa mikono miwili, akanionyesha picha.

Wallahi nilichokiona ni hiki. Sahani pana ya chuma, rangi ya kijivu, imekaa juu ya miguu minne, na kila mguu una minyororo kama ya katapila. Juu ya sahani mnara mwekundu wa vyuma vya kupishana. Kando ya mnara roketi nyeupe yenye mabaka meusi ya mraba, na juu kabisa ncha nyembamba kama ya sindano. Yote safi, yote yamenyooka, hakuna mtu hata mmoja anayeonekana. Kama kitu kilichotolewa kwenye boksi asubuhi ile.

Nikacheka. Nikasema, "Mwanangu, hili ni toi."

Darasa zima likacheka. Nami nilipoona wanacheka nikaongeza. Nikawaambia siku hizi kompyuta inaweza kumweka tembo juu ya mnazi, msipokee kila mnachokiona. Mtoto akabaki amesimama. Akasema kwa sauti ndogo, "Lakini maalim, hata babu yangu aliziona roketi kwa macho yake. Zikirushwa baharini, Ngomeni."

Nikasema, "Basi na babu yako naye walimdanganya."

Hapo kicheko kilikuwa kikubwa zaidi. Akarudi kukaa. Alhamisi iliyofuata hakuja. Na nyingine hakuja. Nikasikia watoto wenzake mtaani wamempa jina, wanamwita Roketi, wakikutana naye wanapuliza midomo, fshhh. Mimi nikasema moyoni, atazoea, watoto ndivyo walivyo.

Sasa nieleze kwa nini nilisema toi kwa uhakika ule, maana sikuropoka tu. Nilikuwa nalo.

Ami yangu mdogo alikuwa baharia wa meli za mizigo. Mwaka mmoja, nami nikiwa na umri wa miaka 7 hivi, alirudi na zawadi ndani ya boksi lenye maandishi ya Kijapani. Lilikuwa lori la bati, rangi ya kijani, na mgongoni limelaza roketi nyekundu na nyeupe. Pembeni kulikuwa na kigurudumu kidogo. Ukikizungusha, kitanda cha lori kinainuka pole pole na roketi inasimama wima. Ukibonyeza kitufe, springi inairusha. Sisi watoto wa mtaa ule magari yetu tulikuwa tukiyatengeneza wenyewe kwa waya na makopo ya Blue Band, magurudumu ya kandambili kuukuu. Lile lori lilipoingia, kila mtoto alitaka kuwa rafiki yangu. Siku ya tatu roketi ikapiga chimni ya taa ya mama, ikavunjika vipande vipande. Marehemu baba akalichukua lori akaliweka juu ya kabati, na huko lilikaa mpaka likaota kutu.

Nililitazama lile lori juu ya kabati miaka mingi. Ndiyo maana mtoto aliponionyesha picha, akili yangu haikuona Marekani. Iliona kabati la baba.

Miezi miwili ikapita. Nikaalikwa harusi ya jamaa zetu upande wa Malindi. Usiku baada ya Isha tumekaa barazani na wazee, kahawa inazunguka, nikataka kuchangamsha baraza. Nikasema kwa mzaha, eti kuna watu wanadai roketi zilirushwa hapa kwenu.

Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja akaniangalia, akaniambia, "Shehe, wewe umekulia wapi?"

Basi wakanieleza, na baadaye nikayathibitisha. Waitaliano walikokota jukwaa la chuma baharini mpaka pwani ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi, wakalisimamisha kwa miguu ya chuma iliyoshuka mpaka kwenye sakafu ya bahari. Waliliita San Marco. Walipachagua kwa kuwa ni karibu na ikweta, na huko mzunguko wenyewe wa dunia unaisukuma roketi bure. Kuanzia mwaka 1967 mpaka 1988 roketi za Kimarekani aina ya Scout zilibeba satelaiti kutoka hapo. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya inaadhimisha uhuru wake, iliruka satelaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa kazi ya kupima miali ya eksirei inayotoka kwenye nyota. Wakaiita kwa neno la Kiswahili: Uhuru. Jina letu hilo limo katika vitabu vya elimu ya nyota vya dunia nzima, na mimi mwalimu wa watoto, mtu wa pwani hii hii, nililicheka.

Mzee mwingine akasema alikuwa kijana wa madau siku hizo. Walizuiwa kuvua karibu na jukwaa siku ya kurusha. Aliusimulia moto uliopanda na sauti iliyochelewa kufika. Hakuwa akijisifu hata kidogo, alikuwa anasimulia kama mtu anayesimulia mvua ya mwaka fulani.

Usiku ule sikulala vizuri. Kama babu alisema kweli, basi mjukuu je?

Niliporudi nikampigia mpwa wangu aliyesomea uhandisi. Nikamweleza lile gari kama nilivyoliona. Hakuniacha nimalize. Akasema, "Mjomba, hilo lipo. Yako mawili. Yametengenezwa mwaka 1965." Akanitumia filamu, na maelezo, na nikamsumbua kwa maswali wiki nzima. Nitawapa niliyoyapata, maana yana faida, na kwa sababu kila nambari hapa ni deni ninalomlipa yule mtoto.

Wamarekani waliliita kwa jina lenye maana ya kitu kinachotambaa. Mimi nitaliita Mtambaaji. Walipokuwa wanajiandaa kwenda mwezini, roketi yao ya Saturn V ilikuwa na urefu wa mita 111. Haikuweza kuunganishwa nje pale pwani ya Florida penye upepo, chumvi na vimbunga. Wakajenga jengo la mita 160 kwenda juu, wakaiunganisha humo ndani ikiwa imesimama. Likabaki swali ambalo hata mtoto angeuliza: sasa itatokaje mpaka kwenye jukwaa la kurushia, kilomita tano na nusu kutoka hapo?

Walifikiria kuchimba mfereji na kuipeleka kwa mashua kubwa. Walifikiria reli. Jibu likatoka kwenye migodi ya makaa ya mawe, ambako kulikuwa na mitambo mikubwa ya kuchimbia inayotembea kwa minyororo yake yenyewe huku imebeba uzito wa ajabu. Kazi ya kutengeneza wakapewa watu wa Marion, mji wa Ohio, kampuni iliyozoea kutengeneza makoleo ya migodini. Kwa hiyo hilo gari la kwenda mwezini, asili yake ni koleo la makaa.

Upana wake ni mita 35 na urefu mita 40. Lina uzito wa tani 2,700 na zaidi kabla halijabebeshwa chochote. Minyororo ni minane, miwili kila pembe, na kila mnyororo una vipande 57, kila kipande karibu tani moja. Likibeba, mwendo wake ni kilomita 1.6 kwa saa. Ndugu yangu, bibi kizee anayetoka sokoni anakwenda kasi kuliko hivyo. Mtoto alisema kweli mpaka kwenye bibi kizee!

Na kokoto za mtoni? Kweli. Barabara yake imetandazwa kokoto za mviringo zilizolainishwa na maji, kwa sababu minyororo ikipita juu yake zinateleza na kusagika bila kukwaruza sana wala kutoa cheche. Juu ya gari kuna kitu kitakachokuja kujazwa mafuta ya kuripuka. Hawataki mazoea ya cheche.

Lakini kilichonishika zaidi ni jambo jingine. Jukwaa la kurushia limejengwa juu ya kilima cha zege, na Mtambaaji hana budi kupanda mteremko. Sasa chukua sinia lenye glasi ndefu, upande nalo ngazi, uone. Wao waliweka mitambo ya kuinua kwenye pembe zote, ya nyuma inainuka, ya mbele inashuka, kidogo kidogo, ili sahani ya juu ibaki sawa huku gari lenyewe limeinama. Kule juu kabisa, mita zaidi ya mia kutoka chini, ncha ya roketi haikutakiwa kuyumba zaidi ya upana wa mpira wa kikapu. Subhanallah. Tani maelfu zinapanda mlima na ncha haitikisiki. Tarehe 20 Mei 1969 ndivyo ilivyotolewa roketi ya Apollo 11. Miaka 30 ya vyombo vya Shuttle ikapita juu ya magari hayo hayo mawili. Na Machi 2022 moja lao, baada ya kuimarishwa, likaitoa roketi mpya ya safari za mwezini. Gari lililotengenezwa nikiwa mtoto mchanga bado linafanya kazi, na mimi magoti yananisumbua kupanda ngazi za mimbari.

Nikamuuliza mpwa wangu swali lililokuwa likinitafuna. Kwa nini basi linafanana na toi? Maana sikuwa kipofu. Lile gari linafanana na toi kweli.

Akanijibu vizuri. Kwanza, akasema, jicho linahitaji kipimo. Ukiona lori barabarani unajua ukubwa wake kwa sababu kuna mtu pembeni, kuna mlango, kuna kioo. Pale kwenye picha mtu ni nukta. Kibanda cha dereva kimejibanza kwenye pembe kama kibanda cha mlinzi. Jicho likikosa kipimo linachukua kile linachokijua, na wewe mjomba unalijua lile la juu ya kabati.

Pili, umbo. Kitu kizito sana na cha polepole hakihitaji mapambo ya kukata upepo. Kinakuwa sahani, miguu, minyororo. Ndivyo mtoto anavyochora gari. Mhandisi na mtoto wamefika mahali pamoja, mmoja kwa hesabu na mwingine kwa kutokujua hesabu.

Na rangi? Yale mabaka meusi kwenye roketi nyeupe nilidhani ni urembo wa kiwandani, wa kumvutia mtoto dukani. Kumbe ni kazi. Roketi ikiruka inaweza kuzunguka, na mtu anayeitazama kwa kamera kutoka mbali hawezi kujua kama fimbo nyeupe tupu inazunguka. Ukiipaka nyeusi upande mmoja na nyeupe upande mwingine, utaona. Wajerumani walifanya hivyo kwenye roketi zao za majaribio wakati wa vita vikuu vya pili, Wamarekani wakaendelea. Watengeneza toi wakaiga rangi bila kuuliza sababu, na sisi tukakua tunadhani roketi ya kweli inaiga toi.

Tena si hilo moja tu. Mpwa wangu alipoona nimekolea, akanimiminia. Akanionyesha ndege iitwayo Super Guppy, jina la kisamaki kidogo chenye tumbo. Ni ndege ya kawaida iliyovimbishwa mgongo ili iweze kumeza kipande cha roketi, na pua yake yote inafunguka kando kama mlango wa kabati. Ya kwanza ya aina hiyo iliruka mwaka 1962 na watu wengi hawakuamini itaruka. Akanionyesha ndege ya Boeing 747 imebebana na chombo cha Shuttle mgongoni, kama mama kabeba mwana, na kwenye chuma cha kufungia mafundi waliandika maneno ya utani: pachika chombo hapa, na angalia, upande mweusi uwe chini. Nilicheka peke yangu sebuleni mpaka mama watoto akaja kuuliza kuna nini. Hayo ndiyo maelekezo ya kwenye boksi la toi, yameandikwa na watu wazima kwenye chombo cha kweli.

Akanionyesha pia Baikonur, nyika ya Kazakhstan. Warusi wao hawasimamishi. Roketi ya Soyuz wanailaza juu ya behewa, treni inaivuta alfajiri, mwendo wa mtu anayetembea, na watu wanaisindikiza kwa miguu kando ya reli. Wengine huweka sarafu juu ya chuma ipondwe na treni, wanadai ni bahati njema. (Hilo tuwaachie wenyewe.) Ikifika, kitanda cha behewa kinainuka pole pole mpaka roketi inasimama.

Hapo moyo wangu uliruka. Kitanda kinainuka pole pole, roketi inasimama! Nikamwambia mpwa wangu, hili ndilo langu. Hili ndilo lori langu la kijani.

Akanyamaza kidogo. Akasema, "Lako lilikuwa na rangi ya kijani, mjomba?" Nikasema ndiyo, kijani ya kijeshi hivi. Akasema, "Subiri." Akanitumia picha nyingine.

Hapa ndipo ninapotaka mkae na mimi, kwa sababu nilidhani nimekosea mara moja, kumbe nimekosea mara mbili.

Mwishoni mwa miaka ya 1950, viwanda viwili vikubwa vya magari madogo ya watoto Uingereza, Corgi wa Swansea na Dinky wa Liverpool, kila kimoja kilitoa lori la kubeba na kusimamisha roketi iitwayo Corporal. Kitanda kinalala, kitanda kinainuka, roketi inasimama. Viwanda vingine vikatoa vya kufanana navyo. Langu lilikuwa la bati la Japani, si la Corgi, lakini umbo ni lile lile. Na Corporal haikuwa roketi ya mwezini. Lilikuwa kombora la jeshi la Marekani, la kwanza lao la kuongozwa kupewa kazi ya kubeba bomu la nyuklia, na jeshi la Uingereza likanunua. Watoto walikuwa wakilirusha sebuleni kwenye miguu ya meza.

Na lori la aina hiyo nalo lilikuwa na baba yake. Wajerumani walikuwa na tela maalumu ya kubebea roketi ya V-2. Waliileta msituni au barabarani imelala, tela ikaisimamisha, ikarushwa, na tela ikaondoka kabla ndege za adui hazijafika. Kuanzia Septemba 1944 roketi hizo ziliangukia London na Antwerp, juu ya nyumba za watu. Na waliozitengeneza katika mahandaki ya kambi ya Mittelbau-Dora walikuwa wafungwa, ambao maelfu kwa maelfu yao walikufa kwa njaa, kipigo na kazi. Baada ya vita, mkuu wa wahandisi wa roketi ile, Wernher von Braun, alichukuliwa Marekani. Mwaka 1955 alikuwa kwenye televisheni katika vipindi vya Disney akiwaeleza watoto safari za angani kwa mifano midogo ya roketi mkononi. Ndiye huyo huyo aliyeongoza kazi ya Saturn V, ile ndefu nyeupe ya kwenye simu ya mtoto.

Kwa hiyo ndugu zangu, tazameni hali yangu. Kitu cha kweli nilikiona nikasema ni toi. Na toi nililolala nalo kifuani siku tatu nikiwa na miaka 7 nilidhani ni toi tu. Ami yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, hakujua. Aliona kitu kizuri dukani akamkumbuka mtoto wa kaka yake. Wala sisemi lile lori lilikuwa ovu, bati halina kosa. Hata viwanda vya Japani baada ya vita vilianza tena na mabati ya makopo ya chakula yaliyotupwa na wanajeshi wa Marekani, kama sisi na Blue Band yetu, na watu wakapata riziki ya halali. Ninasema tu kwamba nililitazama miaka yote ile juu ya kabati na sikuuliza lilikuwa linabeba nini.

Mimi huyu kila mwezi nazungumzia tabayun kwenye mimbari. Nawaambia watu wahakikishe habari kabla hawajamuumiza mtu. Mtoto alikuja na habari, na picha, na shahidi. Mimi nilikuwa na kabati.

Nikaenda kwao Jumatano jioni. Baba yake akatoka, ni fundi wa baiskeli, mikono ina grisi, akanipa kiwiko. "Karibu maalim." Hakuniuliza kwa nini mwanawe haji. Nadhani alikuwa anajua na alikuwa ananistahi. Nikamwambia nimekuja kuomba radhi kwa mwanao, na kwako, na kwa mzee wako. Nikasema nipe namba ya mzee nimpigie nimsalimie, nimwambie mwenyewe.

Akasema, "Mzee alifariki mwaka jana, maalim. Mwezi wa nane."

Sikuwa na la kusema. Nikasema inna lillahi, nikakaa pale kwenye kigoda katikati ya magurudumu. Ndipo nikaelewa mtoto alikuwa anafanya nini siku ile. Babu yake alikuwa akimsimulia habari za Ngomeni tangu akiwa mdogo. Babu alipoondoka, mtoto akaanza kutafuta roketi kwenye simu ya baba yake, moja baada ya nyingine. Na nilipowachekesha watoto kwa kusema babu yako alidanganywa, nilikuwa namsema maiti mbele ya mjukuu wake.

Mtoto akatoka ndani. "Shikamoo maalim." Nikaitikia. Nikamwambia, "Ulichosema kilikuwa kweli chote. Na babu yako alisema kweli. Mimi ndiye sikujua." Akaniangalia, kisha akamwangalia baba yake, kama anayeuliza afanye nini na hayo. Hakusema amenisamehe na sikumuuliza. Nikamwomba aje kesho.

Alhamisi nikawaambia watoto wote, nimesimama, simu yangu mkononi na filamu ndani yake. Niliwaambia nilikosea, nikawaambia jina la Uhuru na tarehe yake, nikamwombea dua marehemu kwa jina lake wakaitikia amin. Lile jina la kupuliza midomo nikalipiga marufuku, ingawa mtoto mwenyewe baadaye aliniambia hachukii kuitwa Roketi, anachukia ule mpulizo.

Tangu hapo wana kazi yao kila Alhamisi. Wamechukua boksi la viatu, vizibo vya soda, vipande vya mpira kutoka kwa fundi baiskeli, na bomba la plastiki lililopakwa chokaa na mabaka ya mkaa. Minyororo ni minane, yeye alikataa isiwe minne. Kwenye ngazi ya kuingilia madrasa wameweka ubao uwe mteremko, na pembe nne za boksi zina vipande vya mbao vya kuchomeka na kuchomoa ili sahani ikae sawa wakati wa kupanda. Hapo wanagombana sana. Bomba limeanguka mara nyingi sina idadi.

Wiki iliyopita wakanipa kamba nivute. Nikavuta. Nilikuwa nimefika nusu ya ubao niliposikia sauti nyuma yangu, ile ya safu ya nyuma, lakini sasa kubwa kidogo.

"Polepole maalim. Unakwenda mbio."